Gemu Siyo Mke Mwenza

Wadada, kabla hamjaitupa PlayStation ya shemeji dirishani, soma hapa kwanza. Na wewe kaka, usicheke sana, zamu yako inakuja.

Wanawake wakikaa watatu na kuanza kuwajadili wanaume wao, haziishi dakika kumi kabla PlayStation haijatajwa. "Mimi jamani nimeolewa na mpira wa kwenye TV." "Shemeji yenu akishika ile padi, hata nyumba iungue hasikii." "Yaani ni mke mwenza kabisa, tofauti ni kwamba huyu hali chakula, anakula umeme." Mimi husikiliza, nacheka nao, halafu naharibu stori. Nyumbani kwetu mwenye PlayStation ni mimi. Mume wangu aliikuta.

Ndiyo. Nina miaka 38, asubuhi nipo ofisini nashughulika na madai ya bima, jioni ni mke na mama wa mtoto mmoja, na usiku mtoto akilala nina saa yangu moja ya gemu. Nilianza enzi za kibanda cha gemu kule Temeke, mia kwa mechi, aliyefungwa anapisha kiti. Nilikuwa msichana peke yangu pale na nilikuwa sipishi kiti kirahisi. Kwa hiyo haya ninayoandika siyo ya mtaalamu wa maabara wala ya muuza duka. Ni maoni ya mpenzi wa gemu na vifaa aliyecheza, akanunua, akaolewa, na bado anacheza.

ILIINGIAJE NYUMBANI?

Tukumbushane kidogo. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Sony imetangaza kwamba iliuza zaidi ya mashine milioni 160, na ilipofika 2013 ndipo ilipoacha kuitengeneza. Unajua kwa nini wazazi wetu wengi waliikubali sebuleni? Kwa sababu ilikuwa inacheza DVD. Baba alinunua deki, watoto wakapata gemu, kila mtu akafurahi na hakuna aliyeuliza maswali.

Waliokuwa watoto wakati ule ndio leo wana kazi, wana mishahara na wana wachumba. Hawakuacha gemu, walibadilisha mashine tu. PS3, kisha PS4 mwaka 2013, kisha PS5 Novemba 2020. Kwa hiyo dada yangu, ukimkuta mwanaume wa miaka 35 ameshika padi, usidhani ana utoto usiokwisha. Ana jambo analolipenda tangu yuko darasa la tano, kama wewe unavyopenda tamthilia zako.

Wakati wa posa yangu, shangazi mmoja wa upande wa mume aliposikia habari zangu alishtuka. "Mke wa mtu anacheza mpira wa kwenye TV? Atapika saa ngapi?" Mume wangu akamjibu kwa adabu zote: "Shangazi, mimi kila Jumamosi naangalia mpira masaa mawili, na hakuna aliyeuliza nitatafuta hela saa ngapi." Shangazi alicheka, posa ikapita. Lakini swali lake sijalisahau, kwa sababu ndani yake kuna jambo la kweli. Nyumba inahitaji muda na pesa, na chochote kinachochukua muda na pesa lazima kijieleze.

MASHINE HAIDANGANYI

Nina rafiki zangu wawili, majina yao nayahifadhi. Walikuwa wachumba, ukumbi wa harusi umeshalipiwa nusu. Walikuwa wanaweka pamoja kodi ya miezi sita ya nyumba watakayohamia, na pesa alikuwa anazitunza kaka. Siku moja PS5 ikaonekana kwake. Akasema ameazima kwa mtu wa kazini. Wiki tatu baadaye dalali akampigia dada kuuliza kama bado wanaitaka ile nyumba, maana mwenye nyumba amechoka kusubiri.

Uchumba ulivunjika. Mpaka leo mtaani stori inasimuliwa hivi: "PlayStation imevunja uchumba wa watu." Mimi nabisha. Angenunua pikipiki ingekuwa hivyo hivyo. Angempa rafiki yake mkopo ingekuwa hivyo hivyo. Kilichovunja uchumba ni yale maneno "nimeazima". Mtu anayeweza kukuangalia usoni na kukuambia mashine mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye padi, ni ya kuazima, atakuambia mengine mengi. Mashine haikumfundisha uongo. Imemuumbua tu.

Upande wa pili pia upo. Rafiki yangu mwingine alichoka, akachukua padi akaizamisha kwenye ndoo ya maji. Alijiona ameshinda. Mume hakugomba wala hakununua padi nyingine. Alianza kwenda kuchezea kwa washkaji, akawa anarudi saa sita usiku. Zamani alikuwa anamkosa mume aliyekaa mita mbili kutoka kwake. Sasa hajui hata amekaa wapi. Niambie nani amepata faida hapo.

Kwa uzoefu wangu, ugomvi wa gemu una mizizi mitatu: pesa iliyofichwa, muda usio na mwisho, na mlango uliofungwa. Ukivitatua hivyo vitatu, mashine inabaki kuwa kifaa kama redio.

"NISUBIRI KIDOGO," KWELI AU UONGO?

Hapa nawapa siri, kaka zangu watanisamehe. Kuna wakati akikuambia hawezi kusimamisha anasema kweli, na kuna wakati anakupanga.

Akicheza mpira na mtu mwingine kupitia intaneti, ni kweli. Mechi haisimami anavyotaka, na akitoka anahesabiwa amefungwa. Lakini mechi moja ni robo saa mpaka dakika 20 hivi, siyo masaa matatu. Mwambie "maliza hiyo uje," na iwe hiyo kweli.

Akicheza gemu ya hadithi, ile ya kutembea, kutafuta na kupigana peke yake, hana kisingizio. Anabonyeza, inasimama pale pale. Tena PS4, PS5 na Nintendo Switch zote unaweza kuzilaza, ukirudi kesho unaendelea pale ulipoacha. Chakula kikipoa kwa ajili ya gemu ya hadithi, hapo mlaumu mtu, siyo teknolojia.

Na akicheza na rafiki yake aliyekaa kwenye kochi lako anakula karanga zako, hiyo inasimama muda wowote. Wanaona aibu tu kusimamisha.

CHEZENI WAWILI

Mume wangu ni mtu wa ujenzi, mikono yake imezoea tofali. Mwanzoni nilipompa padi aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: mtu mzoefu anamwalika mwenzi wake kwenye gemu ya mpira, anamfunga tisa bila, kisha anashangaa mwenzake hataki tena. Nani anapenda kufungwa tisa nyumbani kwake? Gemu ya kushindana iacheni kwanza. Anzeni na gemu ambazo mko timu moja.

Ya kwanza kabisa ni It Takes Two ya mwaka 2021, iliyotengenezwa na studio ya Hazelight ya Sweden. Huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Ni hadithi ya mume na mke, Cody na May, wanaotaka kuachana. Mtoto wao analia, na wao wanajikuta wamegeuka wanasesere wadogo ndani ya nyumba yao wenyewe. Utamu wake uko hapa: kila sehemu mnapewa uwezo tofauti. Huyu ana nyundo, yule ana misumari. Msumari bila nyundo hamfiki popote. Mwaka huo huo ilichaguliwa kuwa gemu bora ya mwaka kwenye tuzo za The Game Awards, na sishangai.

Tulimaliza kwa mwezi mmoja na nusu, Ijumaa na Jumamosi usiku. Kuna sehemu ya tembo wa kuchezea, sitaisimulia nisikuharibie, lakini pale mume wangu aliweka padi chini akasema, "Mama, hawa watu hawamfikirii mtoto." Kisha tukakaa tukaongea karibu saa nzima, siyo kuhusu gemu. Tuliongea kuhusu wazazi wake walivyoachana akiwa na miaka saba. Miaka minane ya ndoa, sehemu hiyo ya maisha yake nilikuwa naijua kwa mistari miwili tu. Nimeshakwenda naye kwenye hoteli za ufukweni na chakula cha mishumaa, hakuniambia. Aliniambia kwa sababu ya tembo wa kitambaa.

Ya pili ni Overcooked, ya mwaka 2016, na mwendelezo wake wa 2018. Mko jikoni, oda zinaingia, mmoja anakata, mwingine anapika, vyombo vichafu vinajaa, moto unawaka. Itakuonyesha mwenzi wako akizidiwa anakuwaje: anaamrisha, ananyamaza, au anacheka? Wachumba wote wangecheza hii kabla ya kikao cha mahari, familia nyingi zingeokoa pesa za ukumbi.

Ya tatu ni Mario Kart 8 Deluxe ya Nintendo Switch. Hii ni mashindano ya magari, lakini ina msaada wa usukani unaomfanya hata asiyejua asianguke nje ya barabara. Mtoto, bibi, wifi, wote wanaingia. Angalizo moja: Switch ya kawaida inakuja na padi mbili ndogo zinazochomoka pembeni, kwa hiyo ukinunua moja mmeshapata ya kucheza wawili. Switch Lite padi zake hazichomoki. Ni nafuu, lakini ni ya mtu mmoja. Kwa wapenzi, ipite.

Mkishazoeana, ndipo mrudi kwenye mpira. Ile FIFA tuliyoizoea jina lake lilikoma na FIFA 23, na kuanzia Septemba 2023 inaitwa EA Sports FC, ingawa mtaani itaitwa FIFA mpaka wajukuu zetu.

KABLA YA KUTOA HELA

Watu wengi huniuliza: ninunue ipi? Jibu langu linaudhi wauzaji. Kwa wengi wetu, PS4 iliyotumika vizuri bado inatosha. Hata mpira wa FC 26 uliotoka 2025 ulitengenezewa toleo la PS4. Kama hujawahi kuwa na mashine, anza hapo, uone kama kweli unaipenda, kisha ndiyo ufikirie PS5.

Lakini usikae unasubiri PS5 ishuke bei sana. Zamani ilikuwa hivyo, mashine ikizeeka inakuwa nafuu. Safari hii mambo yamegeuka: ilitoka 2020 kwa dola 499 Marekani, na Agosti 2025 bei ya kule ikapandishwa kufikia karibu dola 550. Miaka mitano baadaye, bei juu!

Haya ndiyo mambo ninayoyaangalia mimi nikiwa Kariakoo au nikinunua kwa mtu:

Sehemu ya diski. PS5 zipo za kuingiza diski na zipo zisizo nayo. Isiyo nayo ni nafuu kidogo dukani, lakini kila gemu utaipakua kwa bando lako, na gemu moja kubwa inaweza kuzidi GB 100. Hesabu mwenyewe. Diski unaazimisha, unabadilishana, ukiichoka unaiuza. Pia PS5 yenye diski inacheza karibu diski zote za PS4. Kwa mazingira yetu, nunua yenye sehemu ya diski. Hapo sina mjadala.

Umeme. Umeme wetu ni volti 230. Geuza kifaa, soma maandishi madogo nyuma au kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240V, chomeka kwa amani. Ikiandikwa 110 au 120 peke yake, hicho kimetoka nchi kama Marekani na bila transfoma kitaungua siku ya kwanza. Xbox 360 nyingi za Marekani zilimalizwa namna hiyo.

Ijaribu. Usinunue mashine iliyotumika bila kuiona ikiwaka na ikisoma diski kwa nusu saa. Dakika tano hazitoshi, maana feni mbovu na joto hujionyesha baadaye. Shika padi, achia vijiti, uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Akitembea, padi imekufa.

Kadi za vocha. Kadi ya duka la PlayStation lazima iwe ya nchi ile ile akaunti yako ilikosajiliwa. Akaunti ya Uingereza haikubali kadi ya Marekani. Wengi wamepoteza hela hapa.

Na kuhusu "inakula umeme", tufanye hesabu. PS5 ukiwa unacheza gemu nzito inatumia kama wati 200. Maana yake ni masaa matano kwa uniti moja ya LUKU. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inamaliza uniti hiyo hiyo kwa dakika 12. Kwa hiyo dada, kabla hujailaumu padi ya mwenzio, tuambie kwanza unaoga dakika ngapi. Kinachoua mashine ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Nunua friji gadi au, ukiweza, UPS ndogo. Ukikatika, chomoa, subiri utulie.

VIFAA VINGINE: MAONI YANGU BILA KUPAKA MAFUTA

TV. Watu wanajinyima wapate 4K halafu wanaweka PS4 ya kawaida, ambayo haitoi picha ya 4K kabisa. Kwa skrini ya inchi 32 na kochi lililo mita tatu, macho yako hayataona tofauti. Ingia kwenye mpangilio wa picha, washa "Game", utaona padi inaitika haraka zaidi. Ni bure.

Hedifoni. Hiki ndicho kifaa kilichookoa ndoa nyingi. Padi ya PS4 na ya PS5 zote zina tundu la hedifoni za kawaida. Zile zako za simu, zenye waya, chomeka tu. Mtoto analala, mwenzako anaangalia habari kwa amani, na wewe unasikia risasi zako. Sioni sababu ya watu kugombana kuhusu kelele.

Simu. Usinunue kwa sababu ya idadi ya kamera nyuma. Uliza itapokea apdeti kwa miaka mingapi, na betri inabadilishwa kwa shilingi ngapi. Kabla hujatoa hela kwa simu ya mkononi mwa mtu, bonyeza *#06#, upate namba ya IMEI, itume kwenda 15090. Jibu likija na aina ya simu tofauti na unayoiona, mrudishie mwenyewe. Tusisahau Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki na watu wakaamka na matofali mkononi.

Betri. Adui yake mkubwa ni joto. Kuiacha simu kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar, au kuichaji chini ya mto huku unacheza gemu, ni kuipunguzia miaka. Kuitoa kava wakati wa kucheza kunasaidia kuliko programu yoyote ya "kupooza simu".

Pawa benki. Iliyoandikwa mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili, itajaza mara moja na nusu hivi, maana nyingine inapotea njiani. Hiyo ni kawaida. Lakini ukiona iliyo ndogo kama kipande cha sabuni imeandikwa mAh 50,000, cheka, weka chini, endelea na safari.

Jiko la presha la umeme. Mlidhani nimesahau jikoni? Kama mna hela ya kifaa kimoja tu mwaka huu, na mmoja wenu anataka PS5, mwingine hana la kusema, mimi nitasema: anzeni na hili. Maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja, jiko linajizima lenyewe, hakuna wa kusimama kuangalia moto. Linawarudishia saa nzima ya jioni. Halafu saa hiyo ndiyo mchezee gemu.

HAPA NDIPO UOGOPE

Nimeitetea gemu vya kutosha, sasa niwe mkweli. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini soma vigezo vyake kabla hujamwita mwenzio mgonjwa: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imekuwa mbele ya kila kitu, na anaendelea ingawa inamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Mtu anayekwenda kazini, analea, anaoga, anaongea na wewe, na anacheza saa moja usiku, huyo ana hobi. Anayepoteza kazi kwa sababu halali, huyo anahitaji msaada. Mpeleke kwa mtaalamu, usimtangaze kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia.

Jambo la pili linanitisha zaidi: pale gemu inapogeuka kamari. Kwenye gemu za mpira kuna pakiti za wachezaji zinazouzwa kwa pesa halisi, na hujui umenunua nani mpaka ufungue. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba mchezo wa aina hiyo ni kamari, na mwaka 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake za FIFA kule. Huku kwetu kila mtu ajilinde. Mimi kadi yangu ya benki sijaiunganisha na mashine. Nikitaka kununua gemu natumia kadi ya vocha, ikiisha imeisha. Kama mwenzako anasema "nacheza gemu tu" lakini salio la simu linayeyuka kila wiki, uliza kwa upole ni gemu gani hiyo. Mkeka siyo gemu.

SHERIA ZA KWETU

Siwalazimishi, lakini kwetu zimefanya kazi miaka minane:

1. Kifaa chochote kinachozidi kiasi tulichokubaliana, tunaongea kabla ya kununua. Siyo ruhusa, ni taarifa. Hata vya jikoni, hata viatu vyangu.

2. Kodi, ada na akiba haviguswi. Gemu hununuliwa kwa pesa ya matumizi binafsi, na kila mmoja anayo yake, hata kama ni ndogo.

3. Mashine inakaa sebuleni. Chumbani haina kitanda.

4. Kabla ya kuanza unasema unamaliza saa ngapi. Anayepitiliza anaosha vyombo kesho yake. Mimi ndiye ninayeongoza kwa kuosha, nakubali.

5. Mgeni akiingia, padi chini. Mama mkwe akiingia, padi chini na TV unampa remoti.

6. Mmoja akisema "leo nakuhitaji," gemu inazimwa bila swali. Hii hatujaitumia vibaya, kwa sababu tunajua thamani yake.

Dada, wikiendi hii usimwambie azime. Kaa pembeni yake, mwambie akupe padi ya pili, na akuonyeshe kitufe cha kurukia. Atashangaa, atakuelekeza haraka haraka kama mtoto, utaanguka mara kumi. Na wewe kaka, ole wako umcheke, au umfunge tisa bila. Mtafutie gemu ambayo bila yeye hamvuki. Zipo, nimekutajia. Halafu ukimaliza, nenda kaoshe vyombo hata kama hujapitiliza muda.